Mimi Bado Niko na Kalonzo

Kila nikisema Kalonzo Musyoka, makamu wa rais wa zamani, ndiye mpinzani anayeweza kumtoa jasho Rais William Ruto kwenye uchaguzi wa Kenya 2027, jirani yangu hucheka kabla sijamaliza. "Tikitimaji!" Jina hilo limemganda tangu kura ya maoni ya 2010: kijani (rangi ya "ndiyo") nje, nyekundu (ya "hapana") ndani. Sawa. Basi nitajieni mwingine.

Fred Matiang'i? Wazazi bado wanamsifu kwa alivyowabana wezi wa mitihani akiwa waziri wa elimu. Mimi nakumbuka pia Januari 2018, runinga zilipozimwa Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", na Matiang'i ndiye aliyeshika wizara ya usalama. Anayetaka kura za vijana waliojaza barabara Juni 2024 kupinga kodi aanze kwa kueleza hilo. Rigathi Gachagua ana kura za Mlima Kenya, au sehemu yake kubwa, lakini Seneti ilimwondoa kwenye unaibu rais Oktoba 2024, na hata asipozuiwa na sheria, yale maneno yake kwamba serikali ni ya wenye hisa, yaani walioipigia kura, hayajasahaulika Mombasa wala Turkana. Martha Karua au Seneta Okiya Omtatah ndio moyo wangu ungechagua. Ila 2022 vituo vya kupigia kura vilizidi 46,000, na kila kimoja kinataka wakala aliyekula, asiyenunulika, na atakayekaa mpaka fomu ya matokeo ijazwe. Hao sioni wakiwatoa wapi.

Kalonzo ana Ukambani mkononi. Na kuna kitu kingine: 2013 na 2017 alikuwa mgombea mwenza wa Raila. Tangu Raila, Baba, atutoke Oktoba 2025, kuna wapiga kura Nyanza na Pwani wasiojua wapeleke wapi kura zao, hata kama viongozi wao wanakula meza moja na serikali. Kalonzo anaweza kubisha hodi huko bila kufukuzwa. Tukumbuke 2022 tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura kama 233,000 tu.

Wanaodai upinzani uwe na mgombea mmoja hututisha na 1992: wapinzani Matiba, Kibaki na Jaramogi walizoa zaidi ya asilimia 60 kwa pamoja, Moi akashinda akiwa hata 37 hajafika. Lakini ile ilikuwa katiba nyingine. Leo mshindi lazima apite nusu ya kura zote, na robo katika kaunti zisizopungua 24. Kwa hiyo wagombea wawili wa upinzani, kila mmoja na ngome yake, wanaweza kumsukuma Ruto kwenye duru ya pili, kitu ambacho Kenya haijawahi kukiona. Hofu yangu ni kwamba duru hiyo hufanyika ndani ya siku 30. Huwezi kuanza kujadiliana vyeo wakati huo. Anayebaki nyuma awe ameshakubali mapema kusema mwenzake "tosha", yaani anatosha, kama Raila alivyosema "Kibaki tosha" 2002.

Na hapo ndipo jirani hunishika. Mei 2022 Kalonzo alitangaza kuwania peke yake. Juni alikuwa amesharudi Azimio, muungano wa Raila. "Huyo ndiye wa kusimama mpaka mwisho?" ananiuliza. Namwongezea chai.