Mjumbe wa nyumba kumi sio serikali jamani

Hivi unajua hapa Tanzania mjumbe wa nyumba kumi sio kiongozi wa serikali? Najua kuna watu wataruka hapa, maana mtaani ukihamia tu unaambiwa karipoti kwa mjumbe, ukigombana na jirani kwa mjumbe, polisi wakija kupekua nyumba mjumbe anaitwa ashuhudie. Lakini yule mjumbe, au balozi kama wengine wanavyomwita, ni wa chama, ni kiongozi wa shina la CCM. Utaratibu umeanza enzi za TANU miaka ya 60, na chama kilipokuwa kimoja nani angehangaika na tofauti, ila 1992 vyama vingi vikarudi, yeye akabaki wa chama chake na sisi tukabaki na mazoea. Sina ugomvi na wajumbe, wengi ni wazee wanasuluhisha ndoa za watu bila kulipwa hata mia. Ninachokataa ni mtu wa chama kingine, au asiye na chama kabisa, kuambiwa apite kwa balozi ndo apate barua ya utambulisho.

Serikali inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na kijijini ni kitongoji na kijiji. Hao ndo wa kura, mara ya mwisho tumewapigia tarehe 27 Novemba 2024. Sasa pembeni ya mwenyekiti kuna mtendaji na hapo ndo wengi tunajichanganya, mtendaji hajachaguliwa na mtu, ni mwajiriwa wa halmashauri, ana mshahara na ana bosi anaitwa mkurugenzi. Mwenyekiti akikuchosha utamsubiri kwenye sanduku la kura, mtendaji akikuchosha andika barua kwa mkurugenzi. Kuna ofisi moja huku kwetu barua ya utambulisho ilikuwa elfu 5, unaweka mezani, muhuri unagongwa, risiti hakuna, na foleni nzima ilikuwa inamlaani diwani ambaye hata ule muhuri haujui. Malipo halali ya halmashauri yana kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), iombe kwa upole uone mtu anavyobadilika sura.

Huko wilayani ndo kuna mkorogo wenyewe. DC, yaani mkuu wa wilaya, anateuliwa na Rais, mkurugenzi naye anateuliwa na Rais. DC ni mtu wa serikali kuu, ndo mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, mkurugenzi ndo anashika fungu na ni katibu wa baraza la madiwani. Yaani madiwani tuliowachagua sisi wanatakiwa wamsimamie mtu ambaye hawana uwezo wa kumteua wala kumtengua, alafu tunategemea wamkazie. Kwa kweli mi sioni inavyowezekana.

Na barabara je? Diwani anatukanwa kila masika, wakati tangu 2017 barabara za mitaani na vijijini ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, na maji ya vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, 2019. Diwani anaweza kupiga kelele barazani, kukarabati hawezi. Ila na wenyewe wana makosa, kwenye kampeni wanaahidi lami wakijua kabisa haiko mikononi mwao. Cha kumbana nacho diwani ni vitu kama ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, muulize kwenye kata yako vikundi gani vimepata na vingapi vimerejesha.

Kinachoniuma zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe pale, unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yanasomwa, na kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Hayo sio madaraka madogo. Lakini ukiitishwa wanakuja wazee wachache, vijana wako kijiweni na Simba na Yanga yao, ekari zikishaenda kwa mwekezaji ndo kelele zinaanza, na ukiutafuta muhtasari wa kikao unaweza kukuta jina lako lipo kwenye mahudhurio na sahihi umewekewa. Kauombe kwa mtendaji, yeye ndo katibu.