Natafuta Kiwanja Prachuap

Lawama zote nazitupia shati. Lingekuwa jekundu, au lile langu la minazi, wangenitazama mara moja wakajua huyu kapotea. Lakini nilivaa jeusi tii, linang'aa kidogo kolani, sampuli ya mzigo niliokuwa nimenunua jumla pale Pratunam, Bangkok, kwa ajili ya Kariakoo.

Mzigo wenyewe ulikwama. Watu wa kago waliniambia nirudi Ijumaa, na ile ilikuwa Jumanne. Jamaa yangu mmoja wa Tanga, mzoefu wa Pratunam kunishinda, akanishauri: "Usikae hapa hoteli ikumalize hela. Panda treni ushuke kusini mpaka Prachuap Khiri Khan. Bahari nzuri, samaki wa bei poa, usiku kumetulia." Mimi niliishia kusikia kwenye bahari. Nilichojua ni kwamba pwani ya Thailand ni Pattaya: taa, muziki, watu hawalali. Kumbe nilikuwa naelekea upande mwingine kabisa wa ghuba.

Treni ilitembea zaidi ya kilomita 300. Mchana nikapanda Khao Chong Krachok, mlima wenye hekalu kileleni na ngazi 396, nikanyang'anywa chupa ya maji na nyani kwenye ngazi ya mia na kitu. Sikujali. Akili yangu ilikuwa kwenye jioni, kwenye kutafuta kiwanja: mahali pa muziki na bia.

Jua lilipozama nikaoga, nikajipigilia shati langu, nikajipulizia manukato, nikatoka barazani. Hapo ndipo nilipoziona. Mbele, kwenye upeo wa bahari, msururu wa taa za kijani zinawaka hata mawingu juu yake yamegeuka kijani. Nikamwambia mama mwenye nyumba ya wageni, huku namwonyesha kwa kidole na kutikisa mabega, "Disko?"

Mama wa watu alicheka mpaka akashika nguzo. "Pla muek," akasema. Akachezesha vidole vyote kumi chini ya kidevu mpaka nikaelewa: ngisi. Zilikuwa boti za wavuvi wanaomvuta ngisi kwa taa, kama sisi tunavyomvuta dagaa kwa karabai. Kiwanja changu cha kwanza usiku ule kilikuwa mtego wa ngisi.

Nikaingia mitaani. Saa moja na nusu, ndugu zangu, saa moja na nusu tu, na mji umeshajifunika shuka! Barabara ya ufukweni wazee wawili wanavua kwa mshipi, hawaongei. Soko la usiku la ufukweni lipo, lakini ni la wikendi. Kilichokuwa na mwanga ni duka la 7-Eleven, na mbwa watatu wamelala mlangoni wakisubiri mteja afungue ili wapigwe na kiyoyozi. Bia zilikuwemo humo. Lakini mtu hasafiri kilomita 300 na shati jipya kuja kunywa bia amesimama na mbwa.

Nikiwa nakata tamaa, nikasikia ngoma. Ngoma na upatu, na kitu kama zumari, kutoka uchochoroni. Nikafuata. Pikipiki zimepangwa ukutani zaidi ya ishirini, na kwa mtu wa Dar hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kiwanja kizuri. Kisha turubai limefunga nusu ya njia, viti vya plastiki, taa, watu wanakula. Pembeni bendi ya wazee, laivu, wamezungukwa na patu ndogo za shaba zilizopangwa kwenye fremu ya dhahabu iliyopinda kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Na watu karibu wote wamevaa nyeusi. Nikajisemea: hapa kuna sare ya mlangoni, na nimeipatia.

Sikukaa hata dakika. Bibi mmoja alinikunjia viganja kifuani, nikakunja na mimi, akaniketisha na kuniletea bakuli la uji wa mchele wenye nyama, moto, na tangawizi juu. Nikauliza bei kwa kusugua vidole. Akakataa kwa kichwa. Chakula bure! Pattaya hawana mambo haya.

Sasa nikataka kinywaji. Na hapa Mungu alinipa neno, maana Kithai bia ni "bia", hivihivi, bila kuongeza wala kupunguza. Nikamwita bibi kwa kujiamini kabisa: "Bia!"

Akanitazama kidogo. "Bia mai mii," akasema kwa upole, akaniletea maji.

Mai mii ni "hakuna", hilo nilikuwa nimeshalizoea madukani Pratunam. Lakini mfanyabiashara hakubali hakuna ya kwanza. Nikaangaza macho. Mbele kabisa kulikuwa na picha kubwa ya mzee aliyevaa nguo nyeupe za kiserikali, nishani kifuani, amezungukwa na maua na taa. Mwenye baa, nikaamua, baharia mstaafu, na leo ni siku yake ya kuzaliwa. Pembeni ya picha feni mpya zimepangwa na utepe wenye majina, na mablanketi yamekunjwa kama maua. Zawadi za bahati nasibu, hizo. Nikamwinulia yule mzee glasi yangu ya maji. "Hongera sana, baba!"

Na chini ya picha, kiini cha kila kitu: friji. Refu, la kulala, nakshi nyeupe na dhahabu, taa za rangi zinakimbizana ubavuni. Lilikuwa limechomekwa kwenye umeme na nikisogea nasikia mota inanguruma. Nikajua wamenificha. Bia za wageni rasmi ziko humu.

Nikaenda. Nikaliinamia natafuta mpini. Upande wa kulia hakuna. Nikapapasa upande wa kushoto, nikalala kifua juu yake kidogo nichungulie kwa nyuma.

Mkono ukanigusa mgongoni. Yule bibi, macho yamemlenga machozi, ananipapasa taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Akanishikisha udi mmoja unaofuka moshi. Wakati huohuo watawa wanne wenye kanga za rangi ya chungwa wakapanda jukwaani, bendi ikanyamaza, watu wote wakakunja viganja, na mimi nikaangalia ile picha, nikaangalia lile friji, nikaangalia shati langu.

Matanga. Nilikuwa nimemkumbatia marehemu.

Kutoka isingewezekana, nilikuwa mkekani mstari wa kwanza. Watawa wakaanza kusoma, wakapumzika, wakasoma tena, mara nne. Miguu ilikufa ganzi mpaka nikawa nauhurumia mguu wa kushoto kama mguu wa mtu mwingine. Walipomaliza nikaona watu wanatumbukiza bahasha kwenye sanduku, nikaomba bahasha, nikatia baht 500 zote nilizotenga kwa starehe. Pesa ya bia ikawa rambirambi.

Nilidhani nimesalimika, ila kijana mmoja wa familia akaja na simu yenye programu ya kutafsiri. Akaongea, simu ikanisomea kwa Kiswahili cha kwenye makaratasi: "Bibi anauliza, wewe na babu mlifahamiana wapi? Hajaona mtu akimlilia hivyo."

Familia nzima imekaa kimya inasubiri. Ningeweza kusema baharini, ningeweza kusema jeshini. Lakini udi mmoja ulikuwa bado unafuka mbele ya picha ile, na mimi kudanganya mbele ya maiti mama yangu hakunilea hivyo. Nikaisogelea simu: "Samahani sana. Sikumjua babu. Nilikuwa natafuta bia."

Simu ikalisoma hilo kwa Kithai kwa sauti ya juu, maana kijana alikuwa ameifungulia mpaka mwisho.

Kimya. Mota inanguruma. Kisha yule bibi, kumbe ndiye mjane mwenyewe, akaanza kutikisika mabega. Nikajua ndiyo basi, nimemliza. Akainua uso, anacheka, machozi yanamtoka, anaonyesha picha kwa kidole na kusema kitu kilichowaangusha wote viti vya mbele. Kijana akashindwa kushika simu. Ilipotulia ikanisomea:

"Bibi anasema, huyu naye alikuwa akitoka kila usiku na shati zuri kutafuta bia katika mji huu. Miaka arobaini. Hakuipata zaidi ya dukani kwa mbwa."

Usiku ule tulipiga picha ya familia mbele ya zile feni. Mimi katikati, bibi amenishika mkono.

Narudi chumbani, jamaa wa Tanga ananipigia. "Vipi mzee, umepata kiwanja?"

"Nimepata," nikamwambia. "Wanafungua saa moja, bendi laivu, chakula bure. Kesho wamenipangia kubeba viti."