Unasoma HCI online ukiwa Kisumu? Toka nje, nenda soko la Kibuye

Nitasema hivi na mkasirike mkitaka: kama unasoma HCI (human-computer interaction) online ukiwa huku Kisumu, na watu wote umewahi kuwahoji kwa asainmenti zako ni wanafunzi wenzako wa klasi hiyo hiyo, basi nusu ya karo yako imeenda na maji. Najua wengi mnafanya hivyo manake ndio njia rahisi, unatupa savei yako kwa grupu ya klasi, jaza yangu nijaze yako, jioni uko na majibu ya kutosha na grafu ya rangi rangi, unakabidhi, unalala.

Kwa wale wananiuliza inbox hii HCI ni nini, ni somo la jinsi watu na mashine wanaelewana, ama wanakosa kuelewana. Sio kozi ya kucode. Unasoma mapepa mpaka macho yaume, unaandika kurasa kwa kurasa, unachora prototaipu, yaani mfano wa kujaribia, hata kama ni kwa karatasi na biro, unawapa watu wajaribu, wanakwama, unarudi kuandika tena. Kama unachukia kuandika kaa mbali kabisa. Na hizi masters za kompyuta za mtandaoni si kitu geni sasa, chuo cha Georgia Tech cha Atlanta, Marekani, walianzisha yao Januari 2014 wakishirikiana na kampuni za Udacity na AT&T, digrii nzima ikiwa chini ya dola 7,000, na vyuo vingine vikafuata. Changu ni kipi sitasema, niko na malalamiko kidogo na bado nataka wanipe cheti.

Mazuri yapo. Video zimesharekodiwa, unazidownload usiku bando ikiwa bei ya chini, stima ikipotea kesho yake unaangalia tu na simu. Dedilaini wanahesabu kwa AoE (Anywhere on Earth), maana yake mpaka Jumapili iishe kila mahali duniani, na ukipiga hesabu huku kwetu ni Jumatatu karibu saa tisa mchana, kwa hivyo una asubuhi nzima ya kujifanya uko kazini. Kasoro ni mtihani. Programu ya kukusimamia inataka kamera, inataka chumba kimya, inataka intaneti ambayo haikatiki, sasa wewe mtu wa Nyalenda na jirani ana spika mlangoni utafanyaje? Mimi niliomba ofisi ya rafiki yangu Milimani. Nashangaa ni watu wa somo hili hili la kuelewa mtumiaji ndio walipitisha hiyo kitu.

Nadharia zenyewe sina shida nazo, na sikubaliani na wale wanasema ni mambo ya wazungu. Token ya stima ina tarakimu 20. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka wa 1956 kwamba kichwa cha mtu kinashika vitu kama saba hivi kwa wakati mmoja, ongeza viwili ama toa viwili, na ukivifunga kwa vifungu unabeba zaidi. Ndio maana zile tarakimu zinakuja zimekatwa nne nne, na ndio maana unasimama mbele ya mita gizani ukizinong'ona nne nne kama dua. Lekcha ilieleza hiyo kitu kwa dakika chache na nikaielewa vizuri kuliko huyo profesa, nina uhakika, yeye stima yake haiishi saa mbili usiku chapati zikiwa kwa meko.

Shida ni pale kwa kutafuta mahitaji ya mtumiaji, needfinding wanaita. Mradi wangu ulikuwa ni vile wafanyabiashara wadogo wanathibitisha malipo ya simu. Nikaenda Kibuye, kwa mama mmoja wa omena, simu yake ni mulika mwizi, wino wa namba umefutika kwa vibonye vya katikati.

Kwanza kulikuwa na fomu ya ridhaa. Chuo hakikuruhusu umhoji mtu kabla hajasaini, na fomu yenyewe ni kurasa za Kiingereza cha mawakili. Mama akaishika, akaigeuza, akauliza, "Nyathina (mwanangu), hii ni ya loan?" Na ukweli ni kwamba yuko sawa, sokoni karatasi ya kusaini ni ya mkopo ama ni ya kesi, hakuna ya tatu. Mama wa nyanya wa meza ya pili akasogea akasema yeye hawezi kusaini kitu na mwenzake asisaini. Ilibidi nikae kwa kreti niwaeleze kwa mdomo pole pole, nani atasoma, jina halitaandikwa, akitaka kuacha aache. Wakakubali. Hiyo nusu saa ilinifunza maana ya ridhaa kuliko ile kozi fupi ya maadili tulilazimishwa kufanya na kubonyeza next, next, next.

Sasa nikaanza kuangalia. Mteja anapima gorogoro ya omena, anatuma pesa kwa namba yake ya kawaida, till, ile namba ya malipo ya biashara, hataki kusikia, sababu zake anazo. Simu inalia. Wewe ungetarajia asome jina la aliyetuma, ama asome ile code ya mwanzo, si ndio? Hasomi. Anashuka moja kwa moja mpaka mwisho wa meseji pale pameandikwa salio jipya. Kando ya mzani kuna kipande cha katoni, na kwa hicho kipande ameandika salio la mwisho. Ilikuwa 1,340, mteja amelipa 250, kwa hivyo meseji lazima iseme 1,590. Ikisema hivyo anafunga omena kwa gazeti. Anakata 1,340 kwa biro, anaandika mpya.

Mnaelewa hapo amefanya nini? Wale matapeli wa meseji feki wanaweza kuiga kila kitu, neno Confirmed, jina, tarehe, saa, hata alama za koma. Salio lake hawawezi kulijua. Huyu mama amejitengenezea mtambo wa usalama na katoni na biro, na hakuna mtu wa kampuni yoyote alimfunza. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio likipungua, pia hagusi, na hapo ndio nilichoka kabisa, kwa sababu ukiwa na deni la Fuliza pesa ikiingia inakatwa na hesabu ya katoni inavurugika. Na siku simu iko kwa kibanda cha kuchaji, meseji inasomwa na kijana wa pale, anapiga kelele namba ya mwisho tu, mama anajumlisha akiwa huku kwa meza yake.

Mtafiti Edwin Hutchins alikaa na mabaharia wa jeshi la Marekani akiangalia vile wanaongoza meli, huyu anapima pembe, yule anaita kwa simu, mwingine anachora kwa ramani, na kitabu chake cha 1995 kinasema kufikiri kwenyewe kuko kwa watu wote pamoja na vifaa vyao, hakuko kwa kichwa cha mtu mmoja. Nilikuwa nimesoma hiyo sura nikisinzia. Pale Kibuye nilikuwa naiona ikiuza omena.

Sasa sikieni. Nikarudi kuandika ripoti, ikaenda kwa wenzangu waipitie, manake klasi hizi kazi zenu mnapitiana. Wawili wakapendekeza kitu kimoja: kwa muundo mpya, salio lifichwe, ni siri ya mtu, lionekane tu ukibonyeza. Kwa mtu wa mjini Ulaya anayelipia kahawa, hiyo ni ushauri mzuri na inafuata kanuni zote tulizofunzwa. Kwa huyu mama ni kumvunjia mlango dukani. Na savei isingetoa hilo jambo hata ningeituma kwa watu elfu, kwa sababu swali lenyewe nisingejua kuliuliza, na hata yeye nikimuuliza unathibitishaje malipo alinijibu kwa kifupi tu, "Naangalia meseji." Mtafiti Lucy Suchman alishasema haya 1987, baada ya kuwatazama watu wakipambana na mashine ya kutoa kopi pale kampuni ya Xerox: mpango ni kitu kimoja, na vile mtu anafanya akiwa kazini ni kingine.

Kuna watu wataniambia muda hakuna, semesta ni fupi, wako na kazi na watoto. Mimi pia. Lakini tuko na kitu ambacho mwenzetu wa Atlanta hawezi kununua, tunakaa dakika kumi kwa boda kutoka kwa watu ambao hizi mashine hazikutengenezwa zikiwafikiria, na wamezizoesha kufanya kazi kwa nguvu. Halafu tunakaa kwa nyumba tunajaziana savei.

Kama unaanza semesta ijayo, fomu ya ridhaa itafsiri mapema uipeleke chuo wakuidhinishie, hiyo inachukua muda. Nunua omena, usiende mikono mitupu. Na enda katikati ya wiki mchana, Jumapili ndio siku kubwa ya Kibuye na hakuna mtu atakuwa na muda na wewe na maswali yako.