Kadi Yangu ya Jeni na Daftari la Kliniki la Mama

Katika pochi yangu ninatembea na kadi ya plastiki niliyopewa hapa Uholanzi baada ya kupimwa jeni zinazohusika na namna mwili unavyochakata dawa. Nikiandikiwa dawa mpya, mfamasia huisoma kwanza, na safari moja alimpigia daktari simu nikabadilishiwa dawa kabla sijameza hata kidonge kimoja. Mama yangu, aliyeko Kibosho, ana daftari la kliniki lenye kona zilizokunjika. Anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu ilipomganda mguuni, na kila majibu ya INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, huandikwa humo kwa kalamu: 1.4, 1.6, 5.8, 2.2. Inayotakiwa ni kati ya 2 na 3.

Ile 5.8 siisahau. Hospitali ilikuwa imemwongezea dozi na kumpangia arudi baada ya majuma sita. Hakufika hata la nne. Fizi zilianza kutoka damu akipiga mswaki, kisha likajitokeza pajani doa la damu iliyovilia, kubwa kama kiganja, bila kujigonga popote. Sidai kwamba jeni ndizo zilizomponza, kwa sababu siku zile alikuwa na homa, akawa anakunywa uji mtupu na kuacha mnafu aliozoea kuula kila jioni, na mboga za majani zikipungua ghafla wafarini hupata nguvu zaidi. Lakini hakuna aliyeweza kujua, maana hakuwahi kupimwa.

Wafarini huvunjwa na kimeng'enya cha ini, yaani protini inayochakata dawa, kinachotokana na jeni iitwayo CYP2C9. Mwenye kimeng'enya kinachofanya kazi polepole hubaki na dawa nyingi mwilini, na dozi inayomfaa jirani yake inaweza kumtoa damu. Kwetu daktari huanza na dozi ya kawaida, kisha hupapasa kwa kufuata INR, na kwa mgonjwa anayepanda daladala mbili kuja Moshi mjini kupapasa huko huchukua miezi.

Huku Ulaya kazi ya kupanga dozi kwa kufuata jeni imekwenda mbali. Uholanzi ina jopo la wafamasia na madaktari linaloandaa miongozo ya dozi kwa kufuata jeni tangu mwaka 2005, na utafiti uliofanyika katika nchi 7 za Ulaya kwa wagonjwa wapatao 6,900, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima jeni 12 kabla ya kutoa dawa kulipunguza madhara kwa takriban asilimia 30.

Hata hivyo, sitaki kadi kama yangu inakiliwe na kupelekwa Moshi jinsi ilivyo, na hapa ndipo ninapotofautiana na Watanzania wenzangu wa ughaibuni wanaotaka hivyo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani wa wagonjwa 1,015 walioanza wafarini, baadhi wakikadiriwa dozi kwa jeni na wengine bila jeni. Kwa jumla tofauti haikuonekana. Lakini miongoni mwa wagonjwa weusi, waliokadiriwa kwa jeni damu yao ilikaa katika kiwango salama asilimia 35.2 tu ya muda, ilhali wenzao walifikia asilimia 43.5. Hesabu ile ilizingatia aina za CYP2C9 zilizozoeleka kwa Wazungu, ikaziacha zile zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kipimo cha namna hiyo kingeweza kumwambia mama kwamba yuko salama, naye huenda hayuko.

Ethiopia ilijitazama yenyewe. Mwaka 2015 ilipiga marufuku kodeini, dawa ya kutuliza maumivu, kwa kuwa miili ya raia wake wengi huigeuza kuwa mofini, iliyo kali zaidi, kwa kasi ya hatari, na uamuzi huo haukuhitaji mashine katika kila zahanati. Ulihitaji kuwajua watu wake.

Kwa hiyo ningependa tuanze na wafarini peke yake, katika hospitali ya rufaa kama KCMC ambako wagonjwa wa Kilimanjaro na Arusha hukutana, jeni za watu wetu zisomwe na majibu yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari la mgonjwa, pale ambapo hata muuguzi wa zahanati ya kijijini atayaona. Desemba nikirudi nyumbani nitakwenda na mama kliniki, na nitamwuliza daktari wake kama yupo mtafiti anayehitaji damu ya Wachaga wawili, mama na mwana.