Ukungu wa London unasingiziwa tu

Kila stori ya majasusi wa baada ya vita kuu ya pili lazima ianze na ukungu. London usiku, taa ya barabarani imekuwa kama kiini cha yai, jamaa kavaa koti refu anawasha sigara, nyuma yake viatu vinasikika ko ko ko halafu kimya, asubuhi maiti mtoni. Nimezisoma nyingi sana hizo, nyingine zilinifikia hazina jalada wala kurasa za mwisho kwa hiyo muuaji mpaka leo simjui, na sikatai, zinanoga. Ila nikianza kufuatilia yaliyotokea kweli London miaka ile ndo naona ukungu umebebeshwa kesi isiyo yake.

Kwanza ule haukuwa ukungu kama huu tunaoujua sie. Mie nimekulia Njombe, asubuhi unatoka nje humwoni hata ng'ombe wa jirani, lakini unavuta hewa safi tu. Wa London ulikuwa moshi. Desemba 1952 baridi ilikaba, watu wakajaza makaa ya mawe majikoni, tena makaa yenyewe hafifu maana mazuri nchi ilikuwa inauza nje ipate hela ya kulipa madeni ya vita, halafu hewa ya moto ikakaa juu na ya baridi chini kama mfuniko wa sufuria, moshi hauna pa kutokea. Tarehe 5 mpaka 9, siku tano. Konda anashuka anatembea mbele ya basi na tochi, ukumbini opera ikakatishwa kwa sababu moshi uliingia mpaka ndani watu hawaoni jukwaa, ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho wakafa. Hesabu ya mwanzo ilisema watu 4,000 hivi, watafiti wa baadaye wakafika 12,000. Kwa hiyo kama ni kuua ukungu uliua kweli, tena kuliko majasusi wote wa kwenye riwaya. Kuficha ndo sasa hapana, hilo nakataa.

Chukua wale mashushushu wawili, Burgess na Maclean, Waingereza waliokuwa wanawapelekea Warusi siri za serikali yao. Waliondoka tarehe 25 Mei 1951, siku ya Ijumaa. Mei bana! Wamepanda gari mpaka bandari ya Southampton, wakapanda meli kwenda Ufaransa, gari wameliacha palepale, wakapotea mpaka walipoibukia Moscow 1956. Na Maclean tayari alikuwa anashukiwa, walipanga kumhoji Jumatatu inayofuata, wale wa kumfuatilia walikuwa nyuma yake akiwa London ila nyumbani kwake hawakufika. Unajua kwa nini waliachwa miaka yote hiyo? Wamesoma Cambridge, wanaongea vizuri, mmoja baba yake alikuwa waziri, sasa nani atamuuliza mtoto wa waziri umetoka wapi usiku huu. Philby, mwenzao wa ujasusi huohuo, ndo kabisa, 1955 Macmillan akiwa waziri wa mambo ya nje alisimama bungeni akamsafisha, 1963 jamaa akatorokea Moscow akitokea Beirut. Huyo hakuhitaji ukungu, alikuwa na tai.

Halafu kuna Christie, huyu ndo ananinyima usingizi.

Namba 10 Rillington Place, mtaa mmoja umechoka huko Notting Hill, Christie anakaa chini, juu anakaa kijana wa kutoka Wales anaitwa Timothy Evans, dereva wa gari la mizigo, kusoma kwenyewe kwa shida, na mkewe na mtoto mdogo wa kike. Mwaka 1949 mama na mtoto wakakutwa wamenyongwa kwenye kibanda cha kufulia uani. Evans mara akiri mara akane, mwisho akasema mahakamani aliyefanya ni Christie. Na Christie ndo shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka! Mzee mpole, miwani, anaongea kwa sauti ya chini, alipigana vita ya kwanza, vita ya pili alivaa sare za polisi wa akiba. Kwamba alishafungwa kwa wizi na kumpiga mwanamke, hilo lilitajwa mahakamani lakini halikumharibia. Baraza la wazee likakaa dakika 40 hivi likarudi na jibu, Evans akanyongwa Machi 9, 1950. Na wakati polisi wanapekua, pale bustanini palikuwa na maiti za wanawake wawili aliowaua Christie miaka ya vita, mfupa wa paja wa mmoja umeegemezwa uzio usianguke. Uzio jamani. Wamepita hapo hawakuuona.

Mke wake mwenyewe Christie alimuua Desemba 14, 1952, moshi umeshaondoka siku tano nyuma, akamzika chini ya mbao za sakafu. Akaua wengine watatu, akahama, Machi 1953 mpangaji wa juu anabandua karatasi ya ukuta jikoni akakuta kabati limejaa maiti. Christie akanyongwa Julai, aliyemnyonga ni yuleyule aliyemnyonga Evans.

(Siku hizohizo za moshi, huko Kapenguria kesi ya Kenyatta ndo kwanza imeanza, na shahidi aliyemkandamiza alikuja kuapa 1958 kwamba alihongwa. Taji lilelile, mashahidi walewale wa kuaminika.)

Sasa linganisha na hii, maana hakuna mtunzi angethubutu kuipanga hivi. Klaus Fuchs, mwanasayansi, aliwapa Warusi siri za bomu la atomiki, alihukumiwa Machi 1, 1950, siku nane tu kabla Evans hajanyongwa. Kesi haikuchukua hata masaa mawili, akala miaka 14 ambayo ndo ilikuwa mwisho wa sheria kwa kosa lake. Akatumikia tisa, 1959 akapanda ndege kwenda Ujerumani Mashariki kuendelea na fizikia yake. Siku anapanda ndege Evans alikuwa bado kafukiwa ndani ya kuta za gereza la Pentonville, walikuja kumfukua 1965, na msamaha wake ukatoka mwaka uliofuata.