Mche au kisiki? Mjadala wa Dodoma unaoanzia chini ya ardhi

Februari mwaka huu niling'oa mche wa mwarobaini uliokufa uwanjani kwetu, pembezoni mwa jiji la Dodoma. Ulipandwa Januari, watu wakaupigia makofi, ukamwagiwa maji kwa wiki tatu. Mizizi yake ilikuwa bado na umbo la kiriba, mfuko wa kuoteshea miche. Ilikuwa imejizungusha vilevile ilivyokuwa kitaluni, kana kwamba haikuwahi kutolewa, na udongo mwekundu ulioizunguka ulikuwa mgumu kama tofali. Hatua kumi na tano kutoka hapo, kisiki cha mgunga kilichokatwa kuni zaidi ya mara moja kilikuwa kimetoa machipukizi yanayonifika kifuani. Hakuna aliyewahi kukimwagilia.

Nimekuwa nikiwaza picha hizo mbili kila ninaposikia mabishano ya hapa kwetu kati ya watu wa mche na watu wa kisiki. Wa kwanza wana kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, iliyozinduliwa mwaka 2017 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Tangu hapo kila kifuku, yaani msimu wa mvua, ofisi, shule na majeshi hutoka na majembe. Wa pili wana Kisiki Hai, mpango ambao shirika la LEAD Foundation wameueneza vijijini wakishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi: huchimbi shimo wala hununui mche, unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki kilicho hai, unapogoa mengine, unaweka alama na kukilinda. Njia hiyo ilipata sifa Niger tangu miaka ya 1980, kwa juhudi za Tony Rinaudo kutoka Australia na wakulima wa huko.

Mabishano yenyewe huwa ya juu ya ardhi: bei ya mche, idadi, kivuli, nani wa kumwagilia. Yote ni ya maana. Ila naona tunaruka jambo zito zaidi, yaani ni nani anayeulisha mti, na chakula hicho hupatikana lini.

Tuanze na lini. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki udongo hukauka kiasi kwamba wengi wa bakteria na kuvu waliomo hufa, na wanaosalia hujaza seli zao vitu vya kuwasaidia kushikilia unyevu kidogo uliopo. Kisha mvua ya kwanza inapiga. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alichapisha majaribio ambayo mtu angeweza kuyafanya jikoni: kausha udongo, ulowanishe, pima. Kila udongo mkavu ulipopata maji ulipumua kwa kishindo. Kabonidayoksaidi ilifoka, naitrojeni, kirutubisho cha mimea kilichokuwa kimefungwa kwenye mboji, ikafunguka, na baada ya siku chache kasi ikashuka. Akaukausha tena na kuulowanisha tena, ikawa vilevile. Wanasayansi wa udongo duniani kote mpaka leo hulitaja jambo hilo kwa jina lake.

Kinachotokea ni karamu. Miili ya vijiumbe waliokufa inaliwa na waliobaki, na naitrojeni inayotoka humo inageuzwa nitrati ambayo mizizi inaweza kuinywa. Lakini nitrati haina subira. Haishikamani na udongo, hivyo mvua kubwa ya tatu au ya nne inaweza kuizamisha chini ya mizizi mifupi.

Wakulima wetu wanalijua hili bila maabara. Ndiyo maana wako wanaoberega, wanaoparua shamba juujuu na kutupia mtama au uwele ardhi ikiwa bado vumbi, mbegu ikae tayari inasubiri. Atakwambia mwenye shamba kwamba mbegu iliyoisubiri mvua huipita ile iliyosubiriwa na mvua.

Sasa linganisha. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kushuka chini sana na akiba ya wanga ndani yake. Ukipita misitu ya miombo upande wa Chenene au Manyoni mwezi Oktoba, utaiona miti mingi imeshavaa majani mapya, mekundu kama shaba, mvua haijanyesha hata tone. Karamu ikianza, mti huo uko mezani. Mche wetu wa kitaluni, kwa desturi, hupandwa baada ya ardhi kulowa vizuri, mwishoni mwa Desemba au Januari. Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo, kwa kuwa ukiupanda mapema na mvua ikakatika, umekwisha. Ila gharama yake haitajwi: mche unafika wakati sahani zinaoshwa.

Hoja hii pekee ingetosha kunifanya mtu wa kisiki. Bahati mbaya kwa upande wangu, ukichimba zaidi mambo hayanyooki hivyo.

Chukua fosforasi, kirutubisho kingine cha mti. Katika udongo mwekundu wenye chuma kingi, fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo na haisogei. Mzizi unamaliza iliyo karibu nao kisha unakaa na njaa. Mti huokolewa na kuvu. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mizizi, zinapenya mahali ambapo mzizi hauwezi, zinaleta fosforasi, na mti unalipa kwa sukari. Niliwahi kupiga magoti chini ya mtundu, mmoja wa miti ya miombo, na kufunua majani makavu kwa vidole. Chini ya tabaka la juu lililokuwa likikatika kama karatasi kulikuwa na unyevu mdogo, harufu ya mvua, na nyuzi nyeupe zilizoshona jani na jani. Ncha za mizizi midogo zilikuwa zimevimba na kuvalishwa koti jeupe. Koti hilo ni kuvu. Uyoga mwingi unaochumwa kwenye miombo wakati wa mvua ni matunda ya nyuzi kama zile. (Uyoga wa kichuguu una hadithi yake: huo hulimwa na mchwa, ambao katika misitu mikavu kama yetu ndio husaga sehemu kubwa ya majani na matawi yaliyoanguka.)

Mitundu na miyombo huishi na kuvu hizo za koti. Mgunga, mwarobaini, mwembe, hata mtama wenyewe, hushirikiana na kundi jingine ambalo huingia ndani ya seli za mzizi na halionekani kwa macho. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika mjadala wetu. Kundi hili la pili halichagui sana mwenyeji, kwa hiyo shamba lililokuwa na mtama, au hata magugu tu, kwa kawaida lina kuvu za kuupokea mwarobaini. Siwezi basi kusimama na kusema mche wangu ulikufa kwa kukosa marafiki ardhini. Ulikufa kwa mizizi iliyojikunja na kwa kiu. Mtu wa mche anayejua kazi yake atanijibu kwamba hilo ni kosa la kitalu na la mpandaji, wala si kosa la mche, na atakuwa sahihi.

Kwa miti ya miombo hesabu inageuka. Ardhi iliyofyekwa na kulimwa miaka mingi bila mti hata mmoja wa jamii hiyo hupungukiwa sana na kuvu za koti, maana hazina wa kuzilisha. Dunia ilishajifunza somo hilo kwa misonobari, ambayo nayo huishi na kuvu za koti. Puerto Rico walijaribu kuipanda kwa miaka mingi, miche ikadumaa na kufa, mpaka katika miaka ya 1950 ulipoletwa udongo wenye kuvu kutoka North Carolina. Kisiki hai cha mtundu kilichobaki katikati ya shamba ni mti mmoja, lakini pia ni ghala la kuvu ambazo hakuna kitalu kinachoziuza.

Hapa naomba tuwe waangalifu na hadithi tamu. Tangu mtafiti Suzanne Simard na wenzake walipoonyesha mwaka 1997, katika misitu ya Kanada, kaboni ikihama kutoka mti mmoja kwenda mwingine, imezuka imani kwamba msitu wote ni familia moja inayonyonyeshana kwa nyuzi. Mwaka 2023 Justine Karst na watafiti wenzake wawili walipitia ushahidi uliopo na kuonyesha kwamba mengi yanayosemwa juu ya mitandao hiyo yamepita kile kilichopimwa msituni. Kisiki kina hoja za kutosha zilizopimwa. Hakihitaji kupambwa.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa mche ni hii: kisiki hukisaidii kama hakipo. Kongwa, kati ya 1947 na 1951, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliingiza matrekta na mabuldoza kwa ajili ya mradi wa karanga, yakang'oa vichaka pamoja na mizizi yake. Mvua ilikuwa haba kuliko walivyodhani, udongo ukakakamaa juani, na mradi uliokula paundi zipatazo milioni 36 ukatupwa. Ukiisha kung'oa mzizi, hakuna cha kuchipua. Vivyo hivyo viwanja vipya vya jiji vinavyosawazishwa na greda. Kumwambia mwenye kiwanja hicho asubiri kisiki ni kumdhihaki. Anahitaji mche, tena leo.

Hoja ya pili ni ya watu na mifugo. Kondoa tunao ushahidi mkubwa wa nguvu ya ardhi kujiponya: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na vichaka vilirudi kwenye vilima vilivyokuwa mifupa mitupu. Lakini wenye ng'ombe walihama na ng'ombe wao, wengine hawakurudi, na samadi iliyokuwa ikirutubisha mashamba ikaenda nao. Anayesema "acha tu asili ifanye kazi" ajue kwamba kuna kaya iliyolipia.

Nakiri uzito wa hoja zote mbili, ila bado mizani yangu inaelemea kisikini kwa vijiji vingi vya Dodoma na Singida, kwa sababu huko visiki vingi bado vipo, na kwa sababu ya jambo moja lililopimwa hapahapa. Miaka ya 1930, Mpwapwa, vilitengwa vipande vidogo vya ardhi kupima mvua inayotiririka na kupotea. Kwenye ardhi tupu ilipotea karibu nusu ya mvua. Kwenye shamba la nafaka, kama robo. Kwenye kichaka cha asili, chini ya asilimia moja. Katika mkoa wenye mvua ya milimita 600, nusu hiyo ni uhai wenyewe, na inapotiririka inabeba tabaka la juu ambamo vijiumbe wengi na mboji yote nzuri vimo. Mche mmoja kwenye duara lililofagiliwa safi hauzuii hilo kwa miaka kadhaa. Kichaka cha machipukizi kinaanza kulizuia msimu huohuo, majani yake yakianguka na kuachwa.

Na hapo kwenye kuachwa ndipo pande zote mbili tunaharibu. Tunafagia, tunakusanya, tunachoma. Moto wa nyuzi 200 hivi za Selsiasi unatosha kuanza kuirusha naitrojeni hewani. Fosforasi hubaki kwenye jivu, lakini jivu la Septemba hupeperushwa na upepo wa Dodoma kabla halijaonja mvua. Simlaumu mfugaji anayechoma apate nyasi changa na kupunguza kupe. Hata wataalamu hawakubaliani kwamba moto wote ni mbaya: majaribio yaliyoanza Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi ukirudiwa kila mwaka humaliza miti, ilhali ule wa mapema, nyasi zikiwa na unyevu, huuacha msitu uishi. Ningependa sheria ndogo za vijiji zitofautishe Juni na Septemba, badala ya kupiga marufuku moto wote kwa maandishi na kuruhusu wote kwa vitendo.

Kwa wanaopanda miche, na wataendelea, ninaomba mambo mawili ya bei nafuu. Kitalu kichanganye udongo wa viriba na makopo machache ya udongo uliochukuliwa chini ya mti mzima wa aina ileile, na mche usikae humo mpaka mizizi ijizungushe. Pili, taarifa zetu zihesabu miti iliyo hai Oktoba, baada ya kiangazi chote, badala ya miche iliyopandwa Januari. Visiki vihesabiwe vilevile, kwa kipimo hichohicho, maana navyo huliwa na mbuzi na kukatwa fito usiku.

Mgunga wa uwanjani kwetu nimeuachia machipukizi matatu na kuuzungushia miiba. Pale mwarobaini ulipokufa nimelichimba shimo upya wiki iliyopita, pana kuliko la kwanza, nikatia ndoo ya udongo na majani kutoka chini ya mgunga, na juu yake mbegu za mgunga nilizookota kwenye zizi la mbuzi la jirani, zilizokwisha kupita tumboni mwao. Ardhi bado ni vumbi. Nimezifukia hivyohivyo.