Kabla Hujapiga Window, Iulize Mizani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Watanzania tulikuwa mapumziko, tukimkumbuka Mwalimu Nyerere. Siku hiyohiyo Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na sidhani kama kuna mtu huko Marekani aliyeangalia kalenda yetu. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya kusoma kwenye simu na kupita. Kwa Mtwara na Lindi tarehe iliangukia pabaya, maana Oktoba ndiyo korosho zinaingia maghalani, minada inafunguliwa, na kompyuta iliyokaa kimya tangu msimu uliopita inaanza kutafutwa hata na watu ambao hawakuwahi kuifuta vumbi. Ndipo mafundi nao wanapopita na flashi zao, kila mlango swali ni lilelile: "Bosi, bado uko kwenye Ten?"

Sina ugomvi na Windows 11. Ninayo, na ndiyo naandikia makala hii. Ninachokipinga ni utaratibu wetu wa kupiga window mpya kwanza, yaani kufuta na kuweka Windows upya, halafu ndiyo tugundue kwamba printa haitoi, skana haionekani na programu ya hesabu haifunguki. Kompyuta ya ghalani, ya steshenari au ya zahanati haikununuliwa ili ipendeze. Ilinunuliwa kwa sababu pembeni yake kuna kifaa kinachofanya kazi inayoleta hela, na kifaa hicho ndicho chenye kauli. Kikikataa toleo jipya, kompyuta ibaki ilivyo mpaka ufumbuzi upatikane.

Chukua mizani ya korosho. Nyuma ya kile kisanduku chenye namba nyekundu kuna tundu la pini tisa lenye skrubu mbili pembeni. Linafuata kiwango cha RS-232, kilichoanza miaka ya 1960, kwa hiyo lina umri mkubwa kuliko makarani wengi wanaolitumia. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, kwa hiyo unawekwa waya wa kugeuza: upande mmoja pini tisa, upande wa pili USB. Ndani ya plastiki ya waya mna chipu ndogo, na mara nyingi sana ni PL2303 ya kampuni ya Prolific ya Taiwan, au bandia yake. Kampuni ilichoshwa na bandia, ikatoa draiva mpya (programu ndogo zinazounganisha kifaa na Windows) zinazokagua chipu, na katika kukagua huko zikaachwa nje hata chipu zake halali za zamani. Chomeka waya wenye PL2303HXA kwenye Windows 11 ikiwa na draiva mpya, kisha fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows. Pale penye jina la kifaa utakuta maelezo kwamba chipu hiyo imeondolewa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyekuuzia ni kijana wa Kariakoo aliyekuwa ametandaza nyaya zake chini kwenye turubai.

Waya ni mzima. Mizani ni nzima. Lakini kilo hazifiki kwenye kompyuta, kwa hiyo karani anasoma namba kwa macho na kuiandika kwa mkono. Mtu asiyezijua korosho ataona ni usumbufu mdogo tu. Anayezijua anaelewa kwamba mkulima aliyesimama pale, aliyepulizia mikorosho salfa tangu Juni, macho yake yako kwenye namba ile. Gunia la kilo 82 likiandikwa 28 kwa bahati mbaya, hakuna atakayeamini kwamba ni bahati mbaya. Na likiandikwa sawasawa, bado minong'ono ipo, kwa sababu kuna mkono wa mtu katikati ya mizani na stakabadhi.

Dawa yake ni ya bure. Unaingia Device Manager, unakataa kutafutiwa draiva, unachagua mwenyewe kutoka kwenye orodha na kurudi kwenye toleo la zamani, lile la 3.3.2.105 la mwaka 2008 au la karibu na hapo. Namba zinarudi. Shida ni kwamba lazima uwe na faili hilo, na Windows Update inaweza siku nyingine kukubadilishia tena bila hodi. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, hata usumbufu huo haupo: draiva ya pl2303 imo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, na haimkagui mtu.

Watu wengi lawama zote wanazipeleka kwa Microsoft. Mimi nawagawia nusu tu, pengine na chini ya hapo. Draiva ni mkalimani kati ya kifaa na mfumo endeshi, na anayemwajiri mkalimani huyo ni mtengenezaji wa kifaa. Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32, jambo lililojulikana tangu enzi za XP. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Sasa angalia skana kama CanoScan LiDE 20, zile nyembamba za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinazokula umeme wa USB peke yake bila adapta. Canon hawakuitolea draiva ya biti 64. Taa yake inawaka, kioo chake hakina mkwaruzo, ila kwa hesabu za kampuni ilishakufa. Ichomeke kwenye kompyuta yenye Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, na itaskani cheti cha kuzaliwa kama kawaida, kwa sababu watu wa SANE, mradi wa kujitolea wa draiva za skana, walijiandikia mkalimani wao wenyewe. Kama watu wanaojitolea waliweza, kampuni yenye wahandisi wanaolipwa na michoro yote kabatini ilishindwa nini? Haikushindwa. Ilitaka tununue nyingine.

Nyingine hiyo, tukumbuke, haiuzwi hapa Mtwara, si Ligula wala Shangani. Inaagizwa Dar, inapakiwa basi, inashuka stendi, na mwaka ambao mvua inakata barabara ya Dar kule Somanga, kama ilivyokuwa Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, inakaa njiani pamoja na abiria. Ushauri wa "nunua mpya" unatolewa na watu wanaoishi karibu na duka.

Steshenari nazo zina yao. Pale Mtwara mjini bado kuna wachapaji wanaotengeneza kadi za harusi na ratiba za ubarikio kwa PageMaker 7 ya Adobe, programu ya kupanga kurasa ambayo baada ya toleo hilo haikuendelezwa tena. Wanachekwa na vijana wa Canva, programu ya kubuni kadi mtandaoni. Lakini mle ndani kuna kadi za miaka na miaka: mteja anakuja na kusema anataka "kama ile ya dada yangu, ila rangi ya dhahabu", na anapata jioni hiyohiyo. Kumwambia mtu wa namna hiyo ahamie programu mpya ni kumwambia achome kabati lake. Adobe InDesign iliwahi kufungua mafaili ya PageMaker, uwezo huo ukaishia toleo la CS6. Kinachosahaulika ni kwamba LibreOffice Draw, ya bure, inayafungua. Haifungui vizuri kila mara. Fonti zinaruka, mapambo ya maua yanasogea. Hata hivyo maandishi na mpangilio vinatoka, na hiyo ni tofauti kubwa na kutoka mikono mitupu. Ningekuwa mwenye duka, kompyuta ile ya zamani ningeiacha na PageMaker yake, kisha pole pole, siku ambazo hakuna wateja, ningekuwa nageuza kadi zinazoulizwa sana.

Kuna wanaonielewa vibaya wakidhani natetea kila kitu cha kale kibaki kwenye intaneti. Hapana. Kompyuta inayofungua barua pepe, inayoingia benki, inayotuma taarifa za chama, hiyo lazima iwe na mfumo unaopokea masasisho, na hapo sibembelezi mtu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya duniani kote kupitia SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili. Mwaka huohuo Microsoft wakaacha kuiweka SMB1 kwenye Windows 10 mpya. Sawa kabisa. Matokeo yake mashine kubwa za kutoa kopi, zile za mtumba kutoka Ulaya, zikapoteza uwezo wa kutuma skani moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta. Fundi anayeitwa anafanya nini? Anairudisha SMB1 kwenye kompyuta zote za ofisi, anachukua hela yake, anaondoka. Ndiyo aina ya "kufufua" nisiyoitaka. Mashine nyingi za aina hiyo zinaweza kutuma skani kwa FTP, njia nyingine ya kupeleka mafaili, au kuimwaga kwenye flashi. Tumia hivyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kutenganisha. Mashine moja ya kifaa: Windows 7 au 10 ileile, draiva zilezile, waya wa intaneti umechomolewa, Wi-Fi imezimwa. Mashine nyingine ya mtandaoni, mpya au iliyowekewa Linux. Kinachopita kati yao ni flashi, na flashi hiyo iwe ya kazi hiyo tu. Nasisitiza, kwa sababu kila mwenye steshenari anaijua flashi ya mwanafunzi inayofika na mafaili yote yamegeuzwa shortcut na virusi. Kompyuta isiyo na intaneti inaugua kwa njia hiyo hasa.

"Mashine mbili hela ziko wapi?" Swali zuri. Jibu ni kwamba ya pili huenda tayari ipo, imewekwa juu ya kabati kwa sababu iliambiwa haifai. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati kompyuta inawaka), na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. HP EliteBook 840 G3, laptop ya mtumba iliyojaa madukani kwetu, ni kizazi cha sita, haimo. Mafundi wanazunguka kwa kutumia Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwekea Windows, ambayo inaondoa ukaguzi huo, na mashine inawaka vizuri tu. Nyumbani sioni tatizo. Ofisini siipendi, kwa sababu Microsoft hawakuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho, na siku ikigoma itakuwa siku ya mnada. Zile za zamani zaidi, zenye prosesa ya Core 2 Duo, ndiyo zimefungiwa kabisa, maana tangu toleo la 24H2 la Windows 11 mfumo unahitaji maagizo ya prosesa ambayo hazina. Hizo ziwekewe Linux nyepesi na kuandikia barua zitaandika.

Aliyejiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa kurefusha ulinzi wa Windows 10, kwa dola 30 au bila malipo kwa kuingia na akaunti yao na kuhifadhi mipangilio, amepata hadi 13 Oktoba 2026. Kazi ya kuhamisha aifanye Mei, ghala likiwa tupu.

Sasa niwaseme mafundi kidogo, na wengi ni rafiki zangu. Tabia ya kufomati kabla ya kuuliza imetuulia vitu vingi kuliko kampuni zote nilizozitaja. Kompyuta inakuwa nzito, jibu ni kufomati. Printa haitoi, jibu ni kufomati. Hakuna anayeuliza CD yenye draiva ya skana iko wapi, na ilipotea siku nyingi. Windows 10 ina amri moja inayotoa nakala ya draiva zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Folda D:\draiva uwe umeitengeneza kabla. Dakika chache tu, wala haili bando. Kisha toa nakala ya diski nzima kwa Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, uiweke kwenye hadidiski ya nje, maana diski za kuzunguka hazipendi umeme wetu wa kukatika wala hewa ya chumvi ya Mikindani. Fundi atakayefanya hayo mawili kabla ya kugusa kitu ningemlipa zaidi ya anayejisifu kwamba anapiga window kwa dakika ishirini.

Kampuni nazo zinaweza kufanya kiungwana zikitaka. Adobe walipozima seva za kuidhinisha leseni za CS2, mkusanyiko wa programu zao za zamani, waliwapa wenye leseni toleo lisilohitaji kuidhinishwa. Mtengenezaji wa skana au wa chipu angeweza vilevile kuweka hadharani maelezo ya kifaa siku anapoacha kukihudumia, na waandishi wa Linux wangemalizia. Hilo litahitaji sheria, na sheria za namna hiyo hazitaanzia Mtwara.

Kinachoweza kuanzia hapa ni vyama vikuu vyetu vya ushirika, MAMCU na TANECU huku, na wenzao wa Lindi, kuweka hadidiski moja makao makuu yenye draiva za kila mizani na kila printa inayotumika kwenye AMCOS (vyama vya msingi vya wakulima) zao, ili karani wa Newala asihangaike kutafuta faili la 2008 kwenye tovuti za ajabu zenye virusi. Na mipangilio ya mizani, ile kasi ya mawasiliano ambayo mara nyingi ni 9600, iandikwe kwa maka peni nyuma ya kisanduku chenyewe, kwa sababu fundi aliyeifunga alishahamia Dodoma na namba yake haipatikani.